Jora Lililoshuka Bei

5 Februari

Kwako Miwani wangu,

Hujambo? Mama yako kifua kimepoa? Mimi mzima, ila vidole vimejaa matundu ya sindano. Kiwandani tunashona makoti ya wauguzi, hatuinui kichwa. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanyamaza mpaka nadhani mtandao umekatika.

Zile hisa za kampuni ya simu nilizonunua mwaka jana, wakati kila mtu anazikimbilia, zimeshuka nusu. Usiogope. Kitambaa kikishuka bei, fundi hununua jora zima. Nenda na mama kwa dalali wa hisa, mnunue kwa akiba yote. Tukipata za bei ya chini, hata zikipanda kidogo tu tunauza, tunakodi chumba cha duka, nami narudi nyumbani.

Babako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo, na mama hakohoi tena. Vidole vyako vipake mafuta.

Barua yako ilipofika, bei ilikuwa imeshuka tena. Nimesoma vitabu viwili vya maktaba, na vyote vinasema hakuna ajuaye bei itakomea wapi kushuka. Kwa hiyo tumegawa akiba mafungu matatu, tukanunua kwa fungu moja tu. Dalali alitazama sare yangu ya shule akasema, "Binti, umetumwa chumvi?" Mama akamjibu, "Ametumwa hisa. Chumvi utamletea wewe." Nilitamani meza inimeze.

Umekasirika?

Mwanao

3 Machi

Miwani,

Marahaba. Ya chumvi nimewasomea wenzangu, wamecheka mpaka msimamizi akaja. Lakini mafungu sikukutuma. Wewe mtoto unakula vitabu kama mchwa.

Nunueni kwa yote yaliyobaki, kabla watu hawajaamka. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na msimamizi anataka jibu kama nasaini miaka miwili mingine. Nikiona hisa zinapanda, sisaini. Silali vizuri, mwanangu.

Babako

17 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini umelala japo kidogo. Sisi wazima, ila mimi chakula hakipiti.

Fungu la pili tulilinunulia hisa kama ulivyosema, la tatu tukalisubirisha kidogo. Siku chache baadaye kampuni ikatoa hesabu zake za mwaka. Nilizisoma, kisha nikampelekea mwalimu wa biashara nikidhani nimekosea kusoma. Sikukosea. Hawajawahi kupata faida, hata ule mwaka watu walipokuwa wanapigana vikumbo kununua. Simu zao zimejaa maghalani.

Baba, kitambaa kikishuka bei bado kinafunika mwili. Hisa ikishuka, pengine nondo wamo ndani. Wewe hununui jora kabla ya kulikunjua, lakini hili tulilipenda lingali limefungwa.

Fungu la tatu sitalinunulia hisa. Mama anajua, ameniambia nikuandikie mwenyewe. Halitoshi chumba cha duka, ila linatosha nauli yako na kodi ya kona katika duka la vifungo. Nilikwenda peke yangu kumwuliza mwenye duka. Nilisimama mlangoni mpaka akadhani nimekuja kuiba, lakini niliongea, na amekubali.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nakuandikia haraka: usisaini. Tafadhali.

Mwanao

8 Aprili

Miwani wangu,

Marahaba. Natumaini umeanza kula.

Lori lililobeba barua yako liliharibika njiani. Ilifika nimeshasaini. Msimamizi alikuwa anasubiri, na mimi nilijiambia kwamba kwa kuwa nyumbani wameshanunua hisa kwa akiba yote, miaka miwili ni ya kusubiri tu zipande.

Nilikukasirikia siku nzima, nikashona mikono ya koti kinyume, nikaifumua. Jioni nikaisoma tena barua yako, hasira ikakosa pa kukaa.

Hisa tulizo nazo tuziache. Tusiziuze kwa hofu, wala tusiongeze hata moja. Kona ile ichukueni kabla mwenye duka hajampa mwingine, mama yako aweke cherehani yake, wewe usimame pale baada ya masomo uongee na wateja.

Habari ya kusaini mama yako bado hajaijua. Barua yake naianza, naichana. Mwambie wewe, taratibu, akiwa ameketi.

Babako