Habari ya Bega

Mkunya, Newala
12 Novemba 1995

Dada yangu mpendwa Theodora,

Shikamoo dada. Ni mimi mdogo wako Imakulata. Kabla ya yote nikwambie alichofanya mwanao Luka sasa hivi. Amekisukuma kigoda mpaka nyuma yangu hapa nilipokaa, akapanda juu yake, akanishika shingo na kujilaza mgongoni kama kifurushi. Kazi iliyobaki kwangu ikawa kufunga mbeleko kwa mkono wa kushoto na meno. Nani kamfundisha, sijui. Sasa amelala, nami mkono wa kulia nimeulaza pajani ndipo naandika, kwa hiyo herufi zikipinda usinicheke.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua za Chiwata zimewaonea huruma kuliko za kwetu. Sisi huku hatujambo. Baba Luka yuko kwenye korosho, anakusalimu. Mwaka huu wanunuzi binafsi wanakuja hadi mlangoni na mizani zao, kila mmoja na bei yake ya mdomoni. Maji ni yale yale, bomba limekauka, tunateremka bondeni.

Uliniuliza habari ya bega langu, lile lililoanza kuuma nilipoanguka na ndoo kwenye mteremko nikiwa na mimba ya Luka. Basi walikuja wageni Newala mjini, daktari mmoja wa Kizungu na muuguzi wake, Sista Flora, mtu wa Moshi. Walipanga chumba karibu na soko wakatangaza kwamba wanawataka wenye mabega sugu, tena matibabu ni bure. Siku hizi bure imekuwa neno geni, hata panadoli unanunua, basi tukajaa. Tuliokota vikaratasi kwenye kikapu. Waliopata chekundu wakafundishwa mazoezi, tuliopata cheupe tukapelekwa kwa Sista Flora kuzungumza. Walitaka kujua kipi kinaponya zaidi, wakatuomba tusifundishane.

Jirani yangu Julia, yule Mama Dickson, alipata mazoezi. Kazi yao ilikuwa kutambaza vidole ukutani na kuvuta kamba iliyopitishwa juu ya boriti. Njiani alinitania kwamba yeye kapelekwa jeshini, mimi nimepelekwa kuungama. Nikamwambia angalau kwetu tunakaa.

Mwanzoni niliona ni mchezo. Mtu anaumwa bega, wewe unamuuliza anaogopa nini? Lakini Sista Flora alikuwa na subira. Alisema huenda ndani nilishapona zamani, ila mwili unaukumbuka ule mteremko na unalifunga bega, kama mtu anayefunga mlango wakati mwizi ameshaondoka. Alisema kuumwa si lazima kuwe kuharibika. Nikamsimulia nilivyoanguka, nilivyoshika tumbo nikaiachia ndoo, na kwamba mpaka leo nikifika pale miguu inakataa. Nililia dada, nikawa mwepesi. Baada ya hapo nikaweza kujifunga kilemba mwenyewe kwa mikono miwili. Baba Luka alisimama mlangoni akinitazama kama siku aliyokuja kuposa.

Halafu pakakwama. Mkono haukupanda tena kupita kilemba, wala haukufika nyuma mgongoni. Wa Julia ulifika hadi kwenye boriti, lakini akiona ndoo anauficha ndani ya khanga. Tukaambizana kwamba yeye ana mkono hana moyo, mimi nina moyo sina mkono, na tukakubaliana siku ya mwisho tuombe kila mmoja apewe na cha mwenzake.

Siku hiyo Sista Flora alikuwa ametangulia Masasi na mizigo. Daktari alikuwa amejifunza Kiswahili, akataka kutuuliza mwenyewe mbele ya waalikwa. Akaanza na mzee Sultani, ambaye mkono wake ulikuwa umening'inizwa kwenye kitambaa. Akamwuliza habari ya bega. Mzee akajibu nzuri, baba. Sasa nani anamjibu mgeni salamu kwa kuanza na ubaya? Unasema nzuri, unangoja akuulize tena, ndipo unatoa yaliyomo. Daktari hakuuliza tena. Alifurahi, akaenda kwa mwingine, naye nzuri. Alipofika kwangu nikasema nzuri, nikawa namngojea aulize tena, na yeye akaniminya mkono, huo huo wa kulia. Tukatangaziwa kwamba njia zote mbili zimetuponya sawasawa, na kazi yao kwetu imekwisha. Wakaondoka.

Sasa tunafundishana wenyewe. Julia amenifungia kamba, nami namkalisha namuuliza anaogopa nini. Anasema anaogopa maswali yangu. Tumaini ninalo dada, ingawa mkono uko pale pale.

Nililokuwa nalizunguka ni hili. Nina mimba tena. Maji anateka Baba Luka, na wenzake kilabuni wanamwita Mama Luka. Anacheka nao, ila amekonda. Mama mkwe si mbaya, amesema tu kwamba mkono mmoja haulei wawili. Wameamua, nami nimekubali, Luka aje kwako mpaka bega lipone. Nilipomwambia Julia hilo la mpaka lipone, aliangalia chini.

Njoo umchukue korosho zikiisha. Uji wa moto hapendi, na usingizi haumjii mpaka apigwepigwe mgongoni polepole. Akikuita mama mwitikie, usimrekebishe, ila siku moja moja umtajie jina langu.

Nisalimie shemeji, watoto na mama. Mwambie mama nitakuja mwenyewe kumrudisha mwanangu, na siku hiyo hata Luka akiwa hanijui tena nitainama nimnyanyue. Naitwa huko nje dada, mnunuzi atakayekuletea barua hii ameshawasha gari, basi nilitaka kusema tu kwamba kama siku hiyo mkono uta...