Filamu Niliyokutafsiria Kwenye Mvua

Msasani, Tukuyu
Ijumaa, baada ya shule

Bibi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Ile filamu ya watu wa nyota sikuisikia. Yote niliyokunong'oneza sikioni siku ile niliyatunga mwenyewe.

Najua huwezi kusoma barua hii. Hata ulipokuwa hai usingeweza. Mimi ndiye niliyekuwa nakusomea barua zote, za Baba kutoka Kyela na zile za kanisani, na naomba uamini kwamba hizo nilizisoma kama zilivyoandikwa. Sikuongeza kitu. Ni filamu tu.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Yule mfanyabiashara aliyekuja kutoka Mbeya na televisheni, deki na jenereta alikuwa ameweka video yake kwenye ghala la zamani la ushirika, hapo kwetu Masukulu, ghala ambalo siku hizi halina hata gunia moja la kahawa. Hukuwa umewahi kuona video. Ukaniambia, "Twende, wewe unajua Kiingereza, utanieleza." Hukubadilisha kitenge cha kanisani. Ulikaa benchi la mbele kabisa umenishika mkono, na kila aliyepita ulimwambia, "Huyu mjukuu wangu yuko kidato cha pili."

Filamu haijafika mbali, mvua ikaja. Mvua yetu unaijua. Juu ya bati lile ilikuwa kama mtu anamwaga mawe. Picha zinakwenda, midomo inafunguka, sauti hakuna.

Na picha zilikuwa nzuri. Miezi miwili angani, mmoja rangi ya shaba. Majani mekundu yanayolala yote pamoja upepo ukipita. Mji mzima wa kioo umesimama juu ya maji, na vyombo visivyo na mabawa vinateleza katikati yake bila kugusana. Ulibaki mdomo wazi. Kisha ukauliza, "Sasa mji wa kioo hivi, wanapikia wapi?" Na baada ya kidogo, "Na nani anafuta vioo vyote hivyo?" Nilicheka mpaka mtu wa nyuma akatupigia mluzi.

"Anasema nini huyo?" ukauliza. Ningeweza kukujibu kwamba sisikii. Ungeelewa, mvua hata wewe ulikuwa unaisikia. Lakini ulikuwa umeshawaambia watu wote kuhusu kidato cha pili. Nikaweka mdomo kwenye sikio lako nikaanza kutunga, kwa Kinyakyusa. Kwanza vitu vidogo: anamwambia dada yake afunge mlango, anauliza maji yako wapi. Baadaye vikubwa. Mimi, ambaye mwalimu akinisimamisha sauti inakwama kooni, siku ile nilisema saa nzima na zaidi bila kukwama.

Kisha mji ukaungua. Vioo vyote vilipasuka na watu wakaanguka, wengi, wadogo kama siafu. Uliniminya mkono ukauliza, "Hao waliokufa, nani anawalilia?"

Wakati huo kwenye picha kulikuwa na mwanamke mwenye nguo zinazong'aa kama bati jipya. Alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, kiganja chini. Nikasema, anawalilia yeye. Amewaambia wenzake hawaondoki hapo mpaka kila aliyekufa ametajwa jina.

"Siku ngapi?"

"Saba, Bibi."

Ulivuta pumzi. "Basi hao ni watu," ukasema.

Sikujua kwamba utaipeleka hadithi hiyo kote. Nilikuja kujua kwenye msiba wako, baada ya ule ugonjwa wa kifua kukuchukua. Nilikuwa nabeba maji. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi nyuma ya nyumba, na rafiki yako Mama Tumaini akasimama na kisu mkononi akawaambia, "Msilie kama watu waliotupwa. Marehemu mwenyewe alituambia, hata kule juu kwenye nyota watu wanalia msiba kama sisi, siku saba, jina kwa jina." Mchungaji alikuwepo. Wote wakaitikia. Shangazi, aliyekuwa hajala tangu juzi yake, alikula kidogo siku ile. Mimi nilimimina ndoo yangu nikarudi mtoni ingawa maji yalikuwa yanatosha.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Nyumba yako imefungwa. Mimi nipo hapa Msasani kwa Baba Mdogo, karibu na shule, nalala chumba kimoja na watoto wake watatu. Si wabaya. Wanaongea Kiswahili tu, wa kwanza anapenda redio na wengine wanapenda kupigana. Nikisoma kitabu hakuna anayeniuliza kama wewe jikoni, "Na hapo kinasema nini?" Ninafika mwisho wa ukurasa, nasubiri. Halafu nafungua mwingine. Kuna siku nzima inapita sijasema neno moja la Kinyakyusa, na saa nyingine najiambia tu mwenyewe "ndaga fijo", asante sana, nikipokea chakula, ili nisikie.

Jumapili iliyopita yule mwenye video alirudi Masukulu na filamu ile ile. Mama Tumaini aliwakusanya akina mama wa kanisani waende kuuona huo msiba. Nami nilikwenda. Nilikuwa na hofu, lakini nilikuwa na tumaini pia, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilidhani mvua ndiyo iliyonificha maneno. Watu waliojua kutengeneza miezi miwili na mji wa kioo, niliwaza, hawawezi kukosa neno la kusema wafu wakilala pale. Labda nilikisia sawa.

Hakukuwa na mvua. Nilisikia kila kitu, Bibi, na hakuna kitu. Wanasema "haraka", wanasema "nyuma yako", wanasema "piga". Yule mwanamke alipopiga magoti nilishika benchi kwa mikono miwili. Aliokota kipande cha mashine kwenye majivu, akakipuliza, akasema, "Bado inafanya kazi." Akapanda chombo chake. Wenzake wakapiga makofi, wakakumbatiana, na miezi miwili ikatoka vizuri sana nyuma yao. Waliokufa wakaachwa pale pale. Sijaona kitu kizuri kama kile chenye upweke kama ule.

Mama Tumaini alisimama. "Wee mwenye video! Umekata kipande cha msiba!"

"Mama, sijakata kitu. Ndiyo imeisha."

"Wako wapi wanaolia?"

"Alie nani? Si wameshinda!"

Ghala zima lilicheka. Nje, mmoja wa akina mama akasema, "Kumbe marehemu alitufunga kamba, Mungu amlaze pema," nao wakacheka tena. Mama Tumaini hakucheka. Alisema, "Na mimi niliyatangaza msibani kwake, mbele ya mchungaji. Mzee yule! Sikujua kama ana tabia hiyo."

Tabia hiyo, Bibi. Wewe, uliyemrudishia muuza chumvi kipimo alichokuzidishia kwa makosa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Waliponiona walishusha sauti kwa kunihurumia, wakanisalimia. Niliitikia "marahaba" badala ya "shikamoo", wakacheka kidogo, nikaondoka.

Wiki nzima nimejaribu kusoma na siwezi. Naandika ili wewe uwe wa kwanza kuambiwa. Nisamehe. Sikukutafsiria filamu, nilikutafsiria nilichotaka iwe. Kesho nitakwenda Masukulu kusema, hata kama sauti itakwama. Nakuahidi jina lako halitabaki na uongo wangu. Pumzika, Bibi. Sitakuachia tena mzigo ambao ni wangu.

Mjukuu wako,
Atupele

Jumamosi jioni

Nimekwenda. Mama Tumaini alikuwa kwenye banda la kupimia majani ya chai na wenzake, wanasubiri gari la kiwanda, vikapu vimejaa majani mabichi. Nilimwamkia, safari hii vizuri. Nikasema, kwa Kinyakyusa, kwamba siku ile mvua ilinyesha sikusikia chochote, na hadithi ya msiba niliitunga mimi, na Bibi aliiamini kwa sababu aliniamini.

"Kwa hiyo mwongo ni wewe," Mama Tumaini akasema.

"Ni mimi."

"Si yeye."

"Si yeye, Mama."

Mmoja akaguna kwamba watoto wa sekondari wana mambo. Mama Tumaini akamwambia anyamaze. Kwangu akasema, "Kesho utayasema hayo kanisani, baada ya matangazo. Mimi niliyasema mbele ya watu, nawe utayasema mbele ya watu."

Nikasema ndiyo. Gari la chai lilipofika nilishika upande mmoja wa kikapu chake, yeye akashika mwingine, tukakipeleka kwenye mizani. Kisha nikaenda kwa Shangazi kuomba mahali pa kulala, ili asubuhi nisichelewe ibada.