Chaza Hawalali Chali

Lanham, Maryland
Jumapili, baada ya kanisa

Mzee Nzioka,

Sikuulizi hali. Nakuandikia nikiwa na hasira, na kwa kuwa ulishanizoea hivyo, sitajifanya mpole leo eti kwa sababu umekufa.

Nianze na kanisa. Siku ya ibada yako mchungaji alisimama akasema tumempoteza fundi mwashi, mtu aliyewajengea watu nyumba za mawe. Watu wakaitikia amina. Mwashi! Miaka tisa ulikaa kwenye chumba cha chini cha makumbusho yetu madogo, miwani ya kukuzia usoni, ukitoa visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kwa sindano, na katika wote waliokula chapati za matanga yako hakuna aliyejua ulikuwa ukifanya nini. Nilimtazama Mama Kioko, mkeo, naye akainamisha kichwa. Nilikukasirikia hata wewe. Ukiulizwa kazi yako ulikuwa ukijibu, "Nachonga mawe kidogo," halafu unageuza maneno, unauliza kama mvua imenyesha kwetu Wamunyu. Sasa ona.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni lile jiwe la Ujerumani.

Lile lenye ukubwa wa sanduku la safari, ulilolifanyia kazi miezi kumi na minne. Ndilo ulilonifundishia siku ya kwanza, uliponitoa kwenye kazi ya kuogesha wazee ukasema mikono yangu ina subira kuliko mdomo wangu. Uliniambia kule Ujerumani kuna matabaka matatu: chini mchanga mwekundu wenye nyayo za wanyama, katikati chokaa ya bahari iliyojaa makombe, juu udongo wa rangi rangi. Matatu, ndiyo maana enzi hiyo ikaitwa Triasiki. Jiwe letu lilitoka katikati. Mimi nilikuwa na haraka ya kuona mnyama. Ukanishika mkono: "Usirush, Mama Mutheu. Jiwe halina appointment. Kwanza uliza juu ni wapi."

Kwa hiyo ukanionyesha ubavuni ule mshale mwekundu. Mtu aliyelitoa jiwe shimoni aliuchora kwa chaki ya nta, ukielekea mbinguni, kabla hajaling'oa. Wewe ukachora wa kwako kando yake kwa penseli. Nilikuuliza kwa nini unarudia kitu kilichokwisha kuandikwa. Ukasema yule Mjerumani hatumjui jina, lakini yeye ndiye aliyekuwepo.

Mzee, ile mishale nimeifuta mimi.

Nimeandika, basi. Ulikuwa huna hata mwezi kaburini. Bwana wa Maonyesho, yule mpya wa tai nyembamba, alishuka akasema jiwe linapanda ukumbini, mbavu ziwe safi, hizo alama zinachafua. Nilitaka kubisha nikajiona mjane wa kazi, sina wa kunisimamia. Nikachukua pamba na ile dawa inayonuka kama ya kuondoa rangi ya kucha. Wa penseli ulitoka mara moja. Mwekundu ulinisumbua, nami nikausugua kwa bidii kama mjinga.

Wiki iliyofuata napanda ukumbini, naliona jiwe limekaa kwenye stendi yake, taa zinalimulika, na limepinduliwa. Juu chini! Eti upande ule ulikuwa bapa zaidi, unakaa vizuri. Makombe yote yamelala chali kama mabakuli yanayosubiri uji. Na lile shina la yungiyungi wa bahari, mnyama uliyemfukua wiki sita akiwa amejishika juu ya kombe, linaning'inia kama popo. Nilihisi ni wewe wamekuzika kichwa chini.

Nilimfuata Bwana wa Maonyesho ofisini kwake. Hakukataa kwa ubaya, ndicho kilichoniudhi zaidi. Alitabasamu akauliza nina ushahidi gani. Alama iko wapi? Nikatoa simu yangu ya kukunja, nilikuwa nimelipiga jiwe picha moja zamani. Picha yenyewe ukungu mtupu. Akasema wageni hawatajua tofauti. Ningeweza kumrushia ile simu. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni, Mutheu akanitazama akasema, "Mom, it's just a rock." Nilimfokea mtoto wa watu bure, na kosa lilikuwa langu.

Ni katika kuosha vyombo ndipo nilipokumbuka trei yako. Ile siku jikoni kwako, Mama Kioko akilalamika kwamba umechukua trei yake ya keki ukaijaza mchanga. Ukapanga makombe yakiwa wazi, ukamimina maji, ukayasukuma kwa kibao cha kukatia nyanya. Kombe likiwa chali maji hulinyanyua na kulipindua. Likilala kifudifudi maji hupita juu na kuliacha. "Chaza hawalali chali," ukasema, "mkondo hauwaruhusu."

Kesho yake nikapanda treni hadi Columbia Heights, nikanunua chaza kwenye duka la Wasalvador. Tukawala, nikasugua maganda. Jumatano nikaingia ofisini kwa Bwana wa Maonyesho na trei, mchanga na chupa ya maji, nikaweka kila kitu juu ya makaratasi yake. Kumi na mawili, yote chali. Nikasukuma maji. Yakapinduka matano, kisha tisa. Akaomba ajaribu mwenyewe. Akajaribu mara tatu, tai ikilowa, kisha akaenda ukumbini na lenzi, akainama mbele ya jiwe muda mrefu.

Akasema nimesema kweli. Kisha akasema litageuzwa baada ya ufunguzi wa maonyesho, kwa sababu kibao cha maelezo kimeshabandikwa. Kibao! Niliteremka nikachukua kigoda chako, nikakiweka mbele ya jiwe, nikakaa. Nilimwambia wageni watanikuta hapo, na kila mmoja nitamwambia. Mzee, kazi yangu ndiyo kodi na ndiyo shule ya Mutheu. Lakini ushahidi nilishaufuta kwa mkono wangu mara moja, nisingeufuta tena kwa kunyamaza.

Ijumaa wakaleta winchi, wakaligeuza jiwe. Hakuomba radhi. Na kibao kipya kinasema jiwe limeandaliwa na maabara ya makumbusho. Maabara! Kana kwamba sindano zilitembea zenyewe miezi kumi na minne.

Basi jiwe likiwa bado linaning'inia kwenye minyororo, niliomba dakika mbili. Upande wa nyuma, unaotazama ukuta, nikachora mshale mmoja kwa penseli, kwenda juu. Chini yake nikaandika: Hapa palikuwa na mishale miwili, mmoja wa mchimbaji na mmoja wa Nzioka. Niliifuta mimi. Nikaweka jina langu lote. Bwana wa Maonyesho aliyatazama maandishi, hajui Kiswahili, akauliza ni nini. Nikamwambia ni ushahidi.

Pumzika, Mzee. Sitafuta tena alama ya mtu aliyekuwepo kabla yangu, hata aagize nani. Na leo baada ya ibada nimemshika mchungaji mlangoni, nimemwomba dakika kumi za Jumapili ijayo. Ameuliza ni ushuhuda wa nini. Nimemwambia atauona. Trei ya Mama Kioko iko hapa mezani, ameniletea mwenyewe, na mchanga ameshaujaza.

Mama Mutheu