Haski Aliyevishwa Sweta

Tottenham, Januari

Dada Rehema, shikamoo naitanguliza kabla sijaanza ugomvi.

Mdogo wetu Deo, niliyefikia kwake, kafuga haski, mbwa wa kuvuta sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji. Wifi yako Neema kamvisha sweta na kumlaza kando ya hita! Mbwa akawa analia kutwa kama mbwa mwitu. Mwenye nyumba akasema kelele zikiendelea, mbwa aondoke. Watoto wa Deo nao wakaanza kulia.

“Neema, huu ni udhalimu!” nikamwambia. “Huyu kazaliwa na koti lake. Anataka baridi na mbio.”

“Shemeji, kwangu halali mtu na baridi.”

“Mtu gani? Huyu ni mbwa!”

Nikamvua sweta, nikampeleka bustani ya umma hapo karibu. Alinivuta kama mimi ndiye sleji, hadi kofia ikanitoka. Tuliporudi alijikunja uani juu ya theluji, mkia puani, akalala kimya.

Jioni mwenye nyumba alipopita, alisikia sauti yangu na ya Neema tu, tukigombania hita. Basi mbwa amebaki. Sasa mwenye nyumba anauliza mgeni ataondoka lini.

Mungu akuponye magoti, dada yangu. Nimekukumbuka mno.

Mdogo wako,
Gasto