Zamu ya Papa

Kamalondo, 5 Machi 2025

Yaya Vital, kaka yangu,

Natumaini hujambo huko Kasumbalesa, na foleni ya malori haijakuchosha. Mama na mimi tuna afya.

Unakumbuka Papa alivyocheza dama nami kutoka karakana yake? Aliingia katika kompyuta yangu kwa mtandao, akauzungusha mshale wa kipanya mara tatu kama kubisha hodi, kisha akasogeza kete. Tangu tumzike, ni zamu yake. Juzi, saa kumi alasiri, mshale ulijizungusha mara tatu. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Mama, aliyekuwa amepakua ugali, alisema tu, "Zima ile kintu, bukari inapoa."

Je, ulikuwa wewe?

Mdogo wako,
Séphora

Kasumbalesa, 11 Machi

Mudogo wangu,

Niko muzima, salimia Mama sana. Si mimi. Kompyuta ya Papa iko huku kwangu, ndani ya katoni, bila waya hata moja.

Naogopa ni mwizi. X11, ile programu ya zamani inayochora madirisha kwenye skrini, inaacha yeyote aliyeingia asogeze mshale bila kuuliza. Hamia Wayland, ile mpya inayochukua nafasi yake. Guelor wa mama mudogo alihamia zamani sababu ya michezo yake ya magari. Kule muntu hasogezi kitu mpaka akuombe ruhusa.

Yaya wako,
Vital

Kamalondo, 16 Machi

Yaya,

Salamu nyingi. Mama anauliza kama unakula vizuri.

Nilihamia Alhamisi. Guelor alisema kweli, picha hazikatiki tena. Saa kumi hakikutokea kitu, wala Ijumaa, wala jana. Usinicheke: nilijisikia kama niliyefunga mlango mzazi akiwa bado uani. Mchezo wetu sikuufuta.

Mdogo wako,
Séphora

Kasumbalesa, 20 Machi

Mudogo wangu,

Nakula, mwambie Mama. Umefanya vizuri. Leo nilifungua katoni nipanguze vumbi. Ile kompyuta ilikuwa ya moto kama iliyotumika. Pengine ni jua.

Yaya wako,
Vital

Kamalondo, 24 Machi

Yaya,

Natumaini unalala vizuri.

Leo saa kumi kidirisha kimetokea katikati ya skrini: "Alexis anaomba kusogeza mshale. Ruhusu au kataa." Jina la Papa. Hakikuondoka. Mama aliniita kula mara mbili, nikabaki nikikitazama. Nilifikiri: mwizi asingekaa kungoja hivi.

Nimebonyeza Ruhusu.

Amekula kete zangu mbili. Sasa ni zamu yangu.

Mdogo wako,
Séphora