Jina la katikati ulilishika, Bolamba

Rafiki yangu Bolamba,

Nimezoea kuandika barua za kushambulia watu. Katika hii mshtakiwa ni mimi, na niliyemkosea amelala kaburini Lubunga, ng'ambo ya mto.

Juzi mkeo alivuka mto kwa pirogi akiwa na kompyuta yako. Shule inataka tena orodha ya watahiniwa, na hakuna mwingine ila mimi aliyewahi kukaa kando yako ukiitengeneza. Aliiweka mezani, akasema: "Mwalimu, pale kanisani bado wananiuliza kama bwana yangu ndiye alikula postnom za watoto."

Maneno hayo niliyatunga mimi. Wale mabinti wawili, Likunde Bosongo Régine na Likunde Afoko Régine, walirudishwa mlangoni mwa mtihani kwa sababu orodha iliwaita wote "Likunde Régine", bila postnom, lile jina la katikati. Kesho yake nikabandika ukutani barua ya wazi, kurasa tatu, kwamba mashine yako inawanyang'anya watoto majina ya babu zao. Hukujibu. Malaria ikakuchukua kabla hatujasalimiana tena.

Nikafungua faili. Kila mtoto ana mstari wake: Jina: Likunde Bosongo Régine; Darasa: 6. Na kamba yako ya kuvulia majina humo ni hii:

Jina: (\S+) (\S+) (\S+);

Uliwahi kunieleza: "Parantezi iko kama mikono, Mwalimu. Kile umekumbata, kinabaki. Ya kwanza unaiita moja, ya pili mbili." Nikazihesabu, kila moja na neno lake. Tatu! Postnom ilikuwemo, Bolamba, uliishika kwa kila mtoto. Ila mstari wa chini, unaosema kitoke nini, uliita \1 na \3 peke yake. Juu yake umeandika: "Fupi kwa ukuta, Mwalimu ameomba. Kwa mtihani, rudisha \2."

Mwalimu ameomba. Ni kweli. Karatasi ya matangazo ilikuwa nyembamba, nikakusumbua mpaka ukafupisha. Kisha mimi mwenyewe, kwa haraka zangu, nikapeleka orodha ileile fupi kwenye ofisi ya mtihani.

Nimesoma vitabu vingi, nimepigana na wakubwa wengi, nikashindwa kusoma mistari miwili ya rafiki yangu. Ungekuwepo ungenicheka: "Bon, uko unapiga kelele mbele ya kusoma!"

Leo nimerudisha \2. Majina yametoka kamili, na ya akina Régine wote wawili, wanaorudia mwaka kwa kosa langu. Nimekwenda kwao, nimewaambia mbele ya wazazi. Yule wa Bosongo hakunisamehe. Ana haki.

Jumapili, misa ikiisha, nitasimama mbele ya wale wanaomsumbua mkeo na kusema nani alikosea. Sitatia neno hata moja la kujitetea. Wewe unanijua, unajua hilo ndilo litakaloniuma.

Pumzika, ndugu yangu. Kuanzia Jumapili, mwenye swali aje kwangu.