Brashi Iliyosugua Geti

Jumapili, 2 Machi

Geti la mama mkwe linang'aa, na mimi nimepata sifa za kunitosha mwaka mzima. Kutu yote chini. Bawaba zilizojaa grisi ya enzi za marehemu baba mkwe nimezisugua mpaka zikaonyesha sura. Brashi ya waya ya nyumbani haikuonekana, nikachomoa ile ya kazini kwenye mfuko wangu. Dakika chache tu. Mke wangu akaniuliza, si ndiyo hiyo unayowafokea wenzako kila siku isiguse chuma? Nikamwambia kesho naitupa, nachukua mpya stoo. Akacheka. Mama mkwe akaita majirani wake wawili waje kuona mkwe alivyofanya. Nikatembea kifua mbele, mtu mzima na kitambi changu.

Jumatatu, 3 Machi

Leo sikuchomelea. Nimeshinda kwenye msumeno nikikata mabamba ya matangi. Brashi niliiweka juu ya meza yangu nikasahau kuitupa — kusahau kumeshakuwa kipaji changu.

Dada Chuma kaja kuiazima. Ni fundi mpya. Tunamwita hivyo kwa sababu miaka yote alichomelea chuma kabla hajaja kwetu kwenye alumini. Yuko kwenye majaribio hadi Ijumaa. Kasema brashi yake imeota upara, huku anakitazama kichwa changu. Mwanamke huyu! Nikamwambia chukua, dada, iko hapo mezani. Nilikuwa nacheka. Sikuwaza kitu.

Jumanne, 4 Machi

Tangi lake limevuja.

Sisi tangi tunalijaza hewa, tunapaka maji ya sabuni kwenye mshono, tunatazama. La kwake lilitoa mapovu kutoka mwanzo wa mshono hadi mwisho. Msimamizi — tunamwita Kalamu, maana haimtoki sikioni — akakata kipande. Ndani vitundu tele na vidoa vyeusi. Uchafu. Akasema mbele ya karakana nzima kwamba mtu wa chuma atabaki wa chuma, hajui usafi. Dada Chuma akajibu taratibu kwamba alisafisha kabla ya kuchomelea, tena alisugua mara mbili.

Mara mbili! Yaani alipaka grisi ya lile geti mara mbili.

Nilijua pale pale. Kalamu akanigeukia: Mwalimu, hebu waambie. Wananiita Mwalimu kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili nahubiri mahubiri yale yale: alumini haitaki uchafu, na brashi yake haigusi kitu kingine. Na mimi, badala ya kufungua mdomo niseme la kusema, nikaufungua nikahubiri. Yote. Kidole juu. Yeye alisimama mbele yangu akiitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi mzuri.

Baadaye brashi nimeitupa. Nimeifunga kwanza kwenye gazeti. Hakuna anayefunga takataka kwenye gazeti namna ile kama hana la kuficha.

Jumatano, 5 Machi

Chakula hakipiti. Mke wangu kauliza, nikasema jino. Sasa inanibidi nitafunie upande mmoja.

Kalamu ameshaamua: kuanzia Jumatatu Dada Chuma anahamia kufungasha maboksi, na kuchomelea ndiyo basi. Mapumziko yote amekaa karibu yangu akiniuliza alikosea wapi. Si kwa kulalamika — anataka kujua tu. Amechora mshono kwenye karatasi, ananionyesha alivyoshika mkono. Mkono hauna kosa. Ni mzuri kuliko wangu, na hilo nalo sijamwambia. Nikamwambia labda gesi. Akaandika: gesi. Akapiga mstari chini yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Kalamu. Nimejipongeza njia nzima hadi mlangoni kwake, maskini mimi.

Nikamweleza: brashi ilikuwa yangu, nilisugulia geti lenye grisi, dada wa watu akaiazima bila kujua. Akanitazama. Halafu akacheka hadi kalamu ikaanguka.

"Mwalimu, una huruma mpaka unatia huruma."

Nikasema ni kweli. Akauliza brashi iko wapi aione. Nikasema nimeitupa. Akapiga paja, akamwita mtu wa stoo aje asikie: Mwalimu anasema amesugua geti kwa brashi ya alumini! Mtu wa stoo naye akacheka, akasema afadhali ningesema nimeiba tangi, hapo wangeniamini.

Ningeweza kusema mpigieni mke wangu. Mpigieni mama mkwe, atawasimulia bawaba moja moja. Simu ilikuwa mfukoni. Nilicheka nao. Na kitu kikanishuka kifuani, laini, nikajua ni nini: nafuu. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini hii ya leo ni mpya.

Ijumaa, 7 Machi

Saa ya mapumziko. Niko chumba cha kubadilishia nguo, naandika nikiwa nimeweka daftari juu ya goti.

Dada Chuma ameingia sasa hivi na boksi la vitu vyake. Mtu wa stoo kamsimulia ya jana. Akalitua boksi pale mlangoni, akasimama, hakujua aweke wapi mikono.

"Kaka, sehemu zote nilizofanya kazi, hakuna aliyewahi kujisingizia kwa ajili yangu. Hata ndugu yangu wa tumbo moja."

Akatoa glavu zake za kuchomelea, zile nyembamba za ngozi, akaniwekea mapajani. Kwenye maboksi hazina kazi, akasema, afadhali ziwe kwa mtu. Nami nikazipokea. Nikasema asante! Hapo ndipo nikamwambia, dada, kaa, nina neno. Akasema ngoja asaini kwanza karatasi ya uhamisho kwa Kalamu, anarudi mara moja.

Nimejaribu glavu moja. Imekwama kwenye vifundo vya vidole, haingii wala haitoki.

Neno lenyewe nimelipanga hivi: dada, yale ya jana si huruma, ni kweli tupu, na namba ya mke wangu hii hapa, mpigie umuulize. Nimelisema kwa sauti mara tatu nikiwa peke yangu. Mara zote tatu limetoka kama mahubiri. Kidole juu, na glavu yake.

Anarudi. Nasikia sauti mbili koridoni. Ya pili ni ya Kalamu — anamwambia anakuja naye, anataka kunipa mkono.